Rola Ndefu ya Mama Mabomba

Friza la Mama Mabomba ni refu kuliko kitanda changu. Ni lile la kufungulia juu, lililokuwa la muuza nyama mmoja, na mlango wake unalia kama mtoto aliyenyimwa. Siku ya kwanza aliponituma nilifungue nilitegemea kuona kuku au samaki. Nikakuta fimbo nane za alumini, kila moja imevalishwa bomba jeusi linalong'aa, na pembeni nusu ya mkate iliyoganda kama tofali.

"Mkate ni wangu," akasema bila kugeuka. "Mtu mmoja hamalizi mkate kabla haujaota ukungu. Lete fimbo moja fupi, funga upesi, baridi inatoroka."

Nilikuwa nimetumwa na timu. Timu yetu ya roboti ina watu saba, na mimi ndiye nisiyeaminiwa na bisibisi, kwa hiyo nimekabidhiwa daftari. Waamuzi wa mashindano wanataka kujua kila kipande kimetoka wapi na kimetengenezwaje. Roboti yetu inaokota mipira. Mbele ina rola, yaani bomba linalozunguka, linafagia mpira kutoka sakafuni na kuumeza ndani. Rola ya kwanza ilikuwa ya alumini, na roboti nzima ikazidi uzito unaoruhusiwa kwa gramu mia saba. Nahodha wetu alitoboa matundu kila mahali, akakata mpaka mikia ya skrubu, bado mizani ikakataa. Ndipo mwalimu wa fizikia akasema, "Nendeni kwa Mama Mabomba. Rola yake ukiibeba utadhani umesahau kuibeba."

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Mashindano yalikuwa Jumamosi.

Karakana yake ni chumba cha nyuma cha nyumba yake mwenyewe. Kuna meza ya mbao yenye urefu wa mlango na nusu, kuna jiliwa kubwa ya kubania vyuma iliyofungwa ukutani, na kuna kabati la chuma la ofisi ambalo ndani yake amefunga taa za joto likawa tanuri. Yeye ni mfupi, mikono minene, barakoa imemning'inia shingoni muda wote kama mkufu. Nilipomwamkia alinijibu "Marahaba" halafu akanitazama daftari, si uso.

"Utaandika kila kitu?"

"Kila kitu, Mama."

"Basi andika kwamba nafasi ni ndogo na mgeni amekaa kwenye msasa wangu."

Nikaruka. Kweli nilikuwa nimekalia msasa.

Kazi yenyewe, kwa jinsi nilivyoielewa, ni hivi. Unachukua fimbo ya alumini iliyonyooka sana. Unaiviringishia kitambaa cha nyuzi za kaboni, cheusi, kimesukwa kama mkeka, umekilowesha gundi ya kuchanganywa kutoka chupa mbili. Juu yake unafunga utepe unaojikaza ukipata moto. Unaoka. Asubuhi gundi imekuwa ngumu kama jiwe, na ndani ya bomba bado kuna fimbo. Sasa unaiingiza kwenye friza. Alumini ikipata baridi inasinyaa; kaboni haijali. Inabaki nafasi ndogo kuliko unene wa unywele, na hapo ndipo unavuta. Fimbo wanaiita mama, bomba wanaliita mtoto, na kuvuta wanakuita kuzalisha.

"Wanaoita hivyo ni akina nani?" Niliuliza, maana nilimwona yuko peke yake.

"Mimi na wifi," akasema.

Wifi yake ni dada wa marehemu mumewe. Mawifi hao wawili walikuwa wafanyakazi wa kiwanda cha fimbo za kuvulia samaki na nguzo za mahema, meza moja, miaka kumi na tisa. Huyo wifi ndiye aliyemwambia kaka yake, mtunza stoo, "Yule anayeviringisha upande wangu hana mtu, na wewe huna akili. Nendeni mkatafute chakula pamoja." Wakaoana. Kiwanda kilipofungwa, mawifi wakaja na tanuri lao hapa nyuma. Mume akafa. Mawifi wakabaki, mmoja upande huu wa meza, mwingine ule, wakitengenezea shule rola, wakitaniana kutwa. Mama Mabomba anasema hajawahi kujua kama nyumba yake ina mwangwi mpaka mwaka huu.

Mwaka huu wifi ameolewa. Ana miaka hamsini na minne, na amempata dereva wa treni aliyestaafu, mji wa mbali, safari ya siku nzima. Siku ya kuagana, mbele ya ndugu wote na mizigo iko mlangoni, wifi aliuliza, "Zile ndefu utazivuta na nani?" Mama Mabomba akajibu kwa sauti ya kusikika mpaka kwa majirani: "Nenda zako. Mimi nitaweza peke yangu."

Ndiyo kauli iliyomfunga. Zile fupi, kweli, anaziweza: unabana fimbo kwenye jiliwa, unazungusha bomba kidogo, linatoka kwa mlio kama kizibo. Alinionyesha palepale. Lakini rola yetu ilikuwa ya sentimita themanini, na ndefu huvutwa na watu wawili, mmoja huku mmoja kule, pumzi moja. Tangu wifi aondoke hakuwahi kuikubali kazi ndefu. Timu mbili alizirudisha nyumbani. Yetu aliikubali, sijui kwa nini. Nadhani alichoka kuona ile kauli imekaa tu ndani ya nyumba bila kujaribiwa.

"Nikishindwa hii," aliniambia huku akilowesha kitambaa, "itabidi nimpigie simu nimwambie alisema kweli. Heri nile gundi."

Jumatano nilirudi. Fimbo ilikuwa imeokwa usiku kucha na kulala kwenye friza kutwa. Akaibana kwenye jiliwa, akafunga kamba kwenye ncha ya bomba, akavuta. Bomba halikusogea. Akaegemea nyuma kwa uzito wote, kamba ikalia. Wapi. Akairudisha kwenye friza, tukangoja saa nzima, akavuta tena. Akagonga kwa nyundo ya mpira. Akatukana, kisha akaniomba nisiandike.

Halafu nikamwona amesimama akitazama rafu iliyo upande wa pili wa meza. Pale palikuwa na kopo bapa. Akalifungua. Nta iliyokuwamo ilikuwa imekauka na kupasuka kama tope la kiangazi.

"Nta," akasema. "Mungu wangu. Sikupaka nta."

Kumbe kabla ya kuviringisha kitambaa, fimbo lazima ipakwe nta, la sivyo gundi inaikamata moja kwa moja. Hilo analijua kila mtu wa kazi hii. Analijua na yeye. Ila kwa miaka yote hiyo nta ilipakwa upande wa pili wa meza. Fimbo ilimfikia yeye ikiwa tayari inateleza. Zile fupi zilizokuwa frizani wifi alizipaka zote kabla hajaondoka, akazipanga rafuni, hata hakumwambia. Mikono ya Mama Mabomba haikuwahi kujifunza kukumbuka.

Aliikata ile fimbo na mtoto wake kwa msumeno, vipande vinne, akavitupa kwenye ndoo. Fimbo ndefu zilikuwa mbili tu. Ikabaki moja.

"Mama," nikasema, "mimi nina mikono. Tukivuta wawili…"

"Kaa, uandike."

"Au umpigie wifi, akuambie tu…"

"Wewe mtoto! Ukivuta wewe, nitakuwa nimeweza na nani?" Kisha akashusha sauti. "Nenda nyumbani. Mwambie nahodha wenu asinywe dawa ya usingizi bado."

Nahodha, nilipomweleza, alishika kichwa. "Yaani tunamtegemea bibi mmoja mwenye kisirani?" Nikamwambia si bibi, na si kisirani. Sikujua ni nini, ila si kisirani.

Ijumaa mchana nilimkuta amevaa viatu vya raba. Fimbo ya pili alikuwa ameipaka nta mara tatu. Alinionyesha kitambaa alichosugulia kama mtu anayeonyesha cheti. Akaitoa frizani, moshi mweupe wa baridi ukimfuata. Akaibana. Akafunga kamba, akaizungusha kiunoni mwake, akaweka mguu mmoja ukutani chini ya jiliwa, kisha wa pili. Yaani alikuwa ananing'inia hewani, mtu mzima, kati ya kamba na ukuta. Nilitaka kucheka nikaogopa.

Sekunde chache hakuna kitu. Halafu sauti ndogo, kama mtu anayeng'oa kucha ya bandia. Bomba likasogea kidole kimoja. Likasogea viwili. Ghafla likaja lote, na Mama Mabomba akatua sakafuni kwa makalio, kishindo, bomba jeusi kifuani, miguu juu.

Alicheka. Alicheka mpaka machozi, kicheko cha mtu aliyeshinda, na katikati ya kicheko akageuza uso kule upande wa pili wa meza. Mimi nilikuwa mlangoni. Kule kulikuwa na rafu tu na lile kopo.

Kicheko kikaisha kama bomba la maji linapokatika: kwanza kikakohoa, halafu hakuna.

 Alipima rola kwenye mizani ya jikoni akiwa bado ameketi. Pamoja na vifuniko vya ncha ilikuwa gramu mia tatu na kumi. Ile ya alumini ilikuwa kilo moja na ushee. Tulikuwa tumeokoka, na nilijua napaswa kuruka, lakini chumba hakikuwa na nafasi ya kuruka.

"Nimeweza," akasema. Alisema kama mtu anayesoma tangazo la msiba.

Kisha akachukua simu. Mikono ilikuwa na nta, akaiweka sakafuni na kuwasha spika.

"Eeh, wifi!" sauti ikajaza chumba. "Kumbe namba yangu bado unayo? Nilijua umenifuta."

"Nitakufutaje na kelele zako zimebaki humu ukutani. Dereva hajambo?"

"Hajambo. Anaamka alfajiri kila siku, anavaa, anakaa kitandani. Hana treni lakini hataki kuchelewa."

"Umepata mume au saa ya ukutani?"

Wakacheka. Niliona Mama Mabomba akiipakata ile rola mapajani.

"Wifi," akasema. "Ile ndefu imegoma."

Nilifungua mdomo. Akanitazama, nikaufunga.

"Ndefu ipi? Umechukua kazi ndefu? Peke yako?"

"Nimechukua."

"Nta umepaka?"

"Nimepaka."

"Umepaka au umepitisha mkono?"

"Nimepaka wewe, mara tatu!"

"Haya, usinipigie kelele, nina shinikizo la damu. Baridi imekaa?"

"Tangu jana."

"Basi inakuja hiyo. Shika kule kwako. Miguu ipanue. Mimi huku nimeshika mguu wa meza."

"Utavunja meza ya watu."

"Meza yangu, nimeolewa nayo. Tayari? Moja, mbili, toka!"

Walipiga kelele pamoja, yeye na simu. Hakusimama, hakuvuta kitu. Aliikumbatia tu rola kwa mikono yote miwili na kufumba macho.

"Imesogea?"

"Kidogo."

"Tena! Moja, mbili, toka!"

Mara ya tatu wifi alikuwa akihema kweli kweli huko aliko, na sauti ya mwanamume kwa mbali ikiuliza kuna nini, naye akimjibu, "Nyamaza, tunazalisha!"

"Imetoka," Mama Mabomba akasema. "Imetoka, wifi."

Kule kukawa na shangwe, meza ikagongwa. "Si nilikwambia? Si nilikwambia siku ile? Peke yako huwezi!"

"Siwezi," akasema.

 Nadhani wifi alikuwa amejiandaa kwa mabishano.

"Siwezi, wifi," akarudia, polepole zaidi.

"Basi uwe unanipigia," wifi akasema mwishowe, na sauti yake haikuwa tena ile ya utani. "Kuja siji sasa hivi, mguu wa mwenzangu haujakaa sawa. Lakini kila ndefu, nipigie. Sikia? Kila ndefu."

"Nimesikia."

Simu ilipokatika aliifuta nta kwa upindo wa gauni, akaniambia nichukue kazi yetu, watu wanasubiri. Nikaikamata rola katikati. Kweli, ilikuwa kama kubeba ahadi ya kitu.

"Hivyo utaigonga kwenye nguzo," akasema. Akashika ncha moja, mimi nyingine, tukatoka. Nilidhani atanisindikiza mpaka getini. Tukapita geti, tukapita kwa fundi viatu, tukapita ukuta wa shule ya chekechea, yeye mbele na mimi nyuma, bomba jeusi katikati yetu. Hakuna aliyeachia ncha yake.

Kwenye kona kijana mmoja wa toroli, aliyepanga mifuko mitano ya saruji, alisimama akatutazama.

"Mama, hiyo ni nzito mpaka mbebe wawili?"

"Nzito," Mama Mabomba akamjibu, akabadilisha mkono, tukaendelea.