Valvu Niliyoitupa Bila Kuipima

Baba yangu alizaliwa Itiryo, mfugaji asiyecheka ovyo. Mama yangu alizaliwa Susuni, na huko ndiko alikojifunza kilimo. Mimi nilizaliwa Itiryo. Shule sikuingia. Udereva niliupata kwa kuwa utingo, na kijiji chetu cha ujamaa kilipopewa gari, nikakabidhiwa funguo. Andika polepole, mjukuu wangu, usiruke neno.

Gari lilianza kutoa moshi wa buluu na kuvuja oili. Nikailaumu valvu ndogo inayorudisha hewa chafu ya injini iungue tena. Nikaichomoa. Fundi wetu, kijana wa Kemambo, akanishika mkono.

"Kaka, kwanza uipime. Irudishe kwenye mpira wake, tuwashe injini, uzibe mdomo wake kwa kidole. Ikikivuta, ni nzima. Tukizima, itikise, ikigonga ndani, haijakwama."

Watu walikuwa wamesimama pale, wa rika langu na wa rika lake. Kwetu Wakurya, aliyetahiriwa nyuma yako hakuelekezi mbele za watu.

"Wewe ulipotoka jandoni, mimi nilikuwa nimeshaoa," nikamwambia. "Leo unifundishe mahali pa kuweka kidole?"

Wenzangu wakacheka. Naye akajibu, "Sawa, mkubwa. Lakini valvu haijui rika."

Neno hilo lilinichoma. Nikaitupa valvu chooni mbele yao, kisha nikamwambia mwenyekiti gari lisitembee mpaka ije mpya.

Siku hizo mama alikuwa ameanza kuumwa macho. Mvua ilikuwa imekata njia ya basi. Gari letu tu ndilo lingefika hospitali ya Tarime. Kila aliponiuliza nilimjibu, "Ngoja, mama, wiki ijayo." Alingoja miezi mitatu, kitambaa chenye maji usoni.

Valvu mpya ilipokuja, niliifunga mwenyewe. Moshi ukatoka vilevile. Yule fundi akainama kwenye injini. Akachomoa ule mpira wa valvu, akaupuliza, haukupitisha hewa. Akaingiza waya, ukadondoka udongo mkavu: nyigu alikuwa amejenga humo; kidole kingetuonyesha siku ya kwanza. Kazi hiyo haikuchukua hata muda wa kunywa uji.

Tulimfikisha mama hospitalini siku ileile. Mganga akamulika macho yake, akaniuliza kwa upole, "Mzee, mlikuwa wapi?" Mama alirudi nyumbani akiongozwa kwa mkono, na hakuona tena.

Baba yako nilimwambia kwamba vipuri vilichelewa. Mama naye nilimwambia hivyo, akanipa pole, akafa akiamini.

Sasa sikiliza. Leseni yangu na spana zangu gawaneni mpendavyo. Karatasi hii uitunze wewe, na nakala uipeleke Kemambo kwa watoto wa yule fundi, uwasomee ukiwa umesimama. Usiandike kwamba vipuri vilichelewa. Andika kwamba niliambiwa nipime, nikakataa. Wakinitukana, nyamaza, uwasomee mpaka mwisho.