Skrubu za Paa Ubavuni mwa Trela

Enzi zetu pale Chapwa, jirani na mpaka wa Zambia, foleni ya mpakani haikumharakisha fundi. Baba alikuwa na karakana ya trela. Tukitoka shule, viazi vitamu vikiwa bado mdomoni, sisi wanawe tulikaa chini kuchambua bolti kwenye makopo, mikono ikinuka grisi mpaka kanisani. Baba alichagua bolti kama mama alivyochagua mbegu za mahindi: hii nene, hii imechoka, hii nati yake haijikazi. Bati la alumini hakuligusisha na fremu ya chuma bila kipande cha mpira katikati, maana mvua ikiingia viwili hivyo hulana kwa kutu. Mtu akimletea skrubu za kuezekea alimjibu, "Nyumba haiendi Lusaka."

Kazi ikiisha, tulizunguka trela na nyundo ndogo, tukigonga bolti moja moja. Iliyokazwa ililia kwa sauti kali. Iliyolegea ilitoa sauti nzito, tukaitia chaki. Aliyeipata alikula pande la nyama la baba usiku ule, kwa hiyo tuligonga kwa tamaa kweli.

Sasa karakana ni yangu, na juzi nusura niwe kichaa. Mdogo wangu Elia, dereva, alileta trela tubadilishe mabati ya ubavuni. Nilirudi kutoka sokoni nikakuta fundi wangu Gift ameshamaliza, kijana hodari wa simu na mashine ya kutobolea. Nikagonga. Skrubu ya tatu ilidondoka mguuni kwangu. Skrubu za paa!

"Mama, zinashika tu," Gift akasema, "watu wote wanatumia hizo."

Elia alikuwa ameshawasha injini. Akaniambia foleni imesogea, nisimcheleweshe kwa mambo ya mzee. Nilikasirika. Bati likichomoka mwendoni linamkata mwenye baiskeli wa watu, halafu atafungwa nani? Nikamnyang'anya Elia ufunguo wa gari. Niling'oa skrubu zile nikafunga bolti zote mwenyewe, mpira kwa mpira, wao wawili wakicheka na simu zao ndani ya kichwa cha gari.

Zamani dereva aliyecheleweshwa na baba alirudi kutoka Zambia na kapenta, dagaa wa kule, za kumshukuru, akala ugali nasi. Siku hizi unamfungia ndugu yako trela asije akaua mtu, naye anaondoka bila kukuaga.