Mwongeli Hasikii

Tangu utotoni Mwongeli ameitwa jina moja ambalo hakubatizwa nalo: hasikii. Mama yake alilisema mwiko ukiwa mkononi, walimu walilisema kiboko kikiwa mkononi, na mumewe, Mutie, hulisema mpaka leo kila anapomkataza jambo kisha akamkuta ameshalifanya. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa karani katika ofisi ya malori, akikagua leseni za madereva waliomzidi kimo na sauti, na hakuna aliyempita langoni kwa maneno matupu. Alipostaafu alibaki na kazi moja aliyoipenda kuliko chakula. Alirekodi kwaya na mahubiri ya kanisa lao hapo Shauri Moyo, akawatumia kwa simu wazee waliorudi Kitui na Siaya. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na minne, na ufunguo wa chumba cha mitambo ulining'inia shingoni mwake hata akiwa jikoni.

Kisha kompyuta ya zamani ikaungua, kanisa likanunua mpya, na hapo ndipo Caleb alipopata nafasi.

Caleb alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mitambo, mwanamume wa miaka thelathini na kitu ambaye hakuwahi kukunja waya vizuri maishani mwake. Bila kumngoja Mwongeli alichukua kile kisanduku chekundu kinachopokea maikrofoni zote na kupeleka sauti kwenye kompyuta, akakichomeka. Kioo kikaandika: kifaa kisichojulikana.

"Mathe, hii kitu imezeeka," akamwambia Mwongeli alipofika. "Haisikii. Itupwe, tununue ingine."

"Umesoma maagizo?"

"Maagizo ya nini na waya ni moja?"

Maagizo yalikuwa chini ya kisanduku, kwenye karatasi ya gundi: weka programu kwanza, ndipo uchomeke waya. Caleb alikuwa ameibandua kwa sababu eti inaonekana chafu. Mwongeli aliikuta imenata kwenye mguu wa meza, na tangu saa hiyo alimchukia mtu huyo waziwazi. Mimi simlaumu.

Kamati ikampa mpaka Jumamosi saa tisa. Kama kompyuta haitakuwa imekisikia kisanduku, arudishe ufunguo.

Programu aliyoitaka inaitwa draiva, na kazi yake ni kuifanya kompyuta ielewane na kifaa. Kampuni iliyotengeneza kisanduku ilikuwa imeshaiondoa kwenye mtandao. Draiva pekee iliyobaki duniani, kwa kadiri alivyojua yeye, ilikuwa kwenye CD iliyokuja na kisanduku, ambayo sasa ilifungwa kwa uzi dirishani kwake kufukuza kunguru.

"Kunguru wakichafua shati langu utalifua wewe," Mutie alisema akimtazama akikata uzi.

"Si siku zote nafua mimi?"

Mtu wa saiba, lile duka la intaneti, aliifuta CD kwa shati lake, akainakili kwenye flashi. Kompyuta mpya ikaikataa. Ilisema draiva hiyo haina sahihi inayotambulika siku hizi. Mwongeli akacheka peke yake kwa mara ya kwanza wiki hiyo, maana jambo hilo alilijua kuliko yeyote kanisani. Dereva mwenye leseni ya zamani! Wa namna hiyo yeye alikuwa akiwapitisha kwa siku moja, na kesho yake waombe upya.

Kumbe kompyuta nayo ina lango lake. Kwanza alifuta lile jina la kifaa kisichojulikana ambalo Caleb aliliacha humo. Halafu akaiwasha upya kwa njia ya pembeni, akabonyeza namba saba, nayo ikakubali draiva isiyo na sahihi, lakini kwa mwasho huo mmoja tu. Ukiizima inakataa tena, mpaka uirudie ile saba. Akaweka draiva, ndipo akachomeka waya. Ilikuwa Jumamosi saa nane na nusu. Taa ya kijani ikawaka kwenye kisanduku.

Chini ukumbini kamati ilikuwa imekaa mbele ya mimbari ikisubiri saa tisa. Akavaa hedifoni, akafungua maikrofoni ya mimbari ili ajaribu, akabonyeza kitufe cha kurekodi.

"Hata ikifanya, ufunguo tuuchukue tu." Ilikuwa sauti ya Perez, katibu wa kamati, aliyejifungua mwaka uleule Mwongeli alipomzaa Kavutha, wakaleleana watoto. "Mama Kavutha masikio yameisha. Hasikii tena. Tunamwonea haya bure."

"Si kazi nishampa cousin yangu," Caleb akasema. "Anaanza kesho."

"Na yeye tumwambie nini?"

"Tumwambie box imekataa. Atajuaje?"

Wakacheka, wote.

Ya Caleb hayakumuuma. Ya Perez yalimchoma mpaka akashika meza. Akavua hedifoni, akafungua spika kubwa za kanisa mpaka mwisho, akacheza alichorekodi.

Masikio yameisha, likasema kanisa zima. Hasikii tena. Wauza viatu nje ya geti waligeuka kutazama. Kicheko cha kamati kilipomalizika kutoka kwenye spika, Mwongeli alikuwa ameshashuka ngazi na amesimama mbele yao.

"Mlisema kisanduku hakisikii," akasema. "Kimesikia."

Akavua ufunguo shingoni, akauweka juu ya daftari la Perez.

"Mama Kavutha, ngoja kwanza tuongee."

"Mmeshaongea."

Caleb hakuwa na haya hata chembe. "Lakini sasa iko sawa, si ndiyo? Kesho itafanya?"

"Iko sawa. Usiizime."

"Sawa, sawa," akajibu akiwa ameshatazama simu yake. Jioni, akifunga chumba, alizima kila kitu ukutani kama alivyozoea.

Jumapili wakati wa ibada Mwongeli hakwenda kanisani. Alikuwa amesimama juu ya kiti nyumbani, akiifunga ile CD dirishani, kwa sababu kunguru walikuwa wamerudi na shati la Mutie lilikuwa limeshapata lake. Simu ikalia mezani. Mutie akachungulia: Caleb. Ikanyamaza, ikalia tena: Perez. Kisha Caleb, kisha namba ngeni, bila shaka ya huyo binamu, kisha Perez tena.

"Mwongeli! Simu hiyo. Husikii?"

"Nasikia," akasema, akakaza fundo la pili.