Barabara ya Moto Iliyompisha Baba Mkwe

Nyapara wa kwanza mwanamke katika msitu ule nilikuwa mimi, na msidhani nilichaguliwa kwa akili. Nilichaguliwa kwa sauti. Bwana miti alisema nikiita watu upande huu wa mlima, wa upande wa pili wanazima sigara. Haya, cheo ni cheo.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Mume wangu alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani, anashinda nyumbani na redio akinieleza uchumi. Mimi ndiye niliyepanda mlima ng'ambo ya Kiseke kila asubuhi na vibarua kumi na wawili, kuuandaa msitu wa serikali kabla ya Agosti. Agosti majani yamekauka, upepo hauna adabu, na mtu akichoma viazi viwili tu porini, kwisha habari.

Maandalizi yenyewe mngeyaona mngecheka. Sare hakuna, kila mtu alijinunulia mitumba. Mzee mmoja alikuja na koti la theluji, jekundu, linang'aa. Nikamwambia, "Mzee wangu, hiyo ni nailoni. Moto ukikusogelea itakuganda mwilini." Akanijibu kuwa ni la Ulaya na mimi sijui kitu. Pampu zetu zilikuwa mabomba chakavu ya kupulizia pamba, yananuka dawa mpaka tukayaogopa kuliko moto. Mengine yote yalikuwa mapanga, majembe na matawi mabichi ya kupigia.

Kazi kubwa ilikuwa barabara ya moto: kufyeka na kulima ukanda wa hatua kumi kuuzunguka msitu, ubaki udongo mtupu, moto ukifika ukose cha kula. Bwana miti aliuchora kwenye ramani kwa rula. Nikaifuata hiyo rula siku ya nne, nikakuta imepita katikati kabisa ya ngitili ya baba mkwe wangu.

Ngitili ni majani mtu anayoyafungia tangu masika, hayaguswi, ili ng'ombe wapate kula kiangazi. Yake yalikuwa yamenifika kifuani. Alikuwa na ng'ombe saba, na mpaka mvua zirudi hawakuwa na chakula kingine.

Nikasema nitakwenda kumweleza. Nikavua suruali ya mitumba nyuma ya kichaka, nikajifunga kitenge, nikafika kwake nikapiga magoti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Habari za huko kwenye miti yenu?"

"Nzuri, baba."

"Majani yangu mwaka huu yamekubali, umeyaona?"

"Nimeyaona, baba. Mazuri sana."

Basi. Mimi ninayefokea wanaume wazima mlima mzima, nikaishia kusifia majani. Kwetu mkamwana hamwambii baba wa mumewe kwamba kesho anakuja kumfyekea mali. Nikaaga, nikarudi kuvaa suruali yangu.

Asubuhi nikawaambia vibarua: barabara ikatisheni huku kwenye mpaka wa ngitili, mkaianze tena kule upande wa pili. Wakatazamana. Yule mwenye koti akasema, "Nyapara, umeuachia moto mlango." Nikamwambia afyeke, mdomo haukati majani. Bwana miti nikamwambia pale katikati ni mawe matupu, hapalimiki. Hakupanda kuangalia, alikuwa na kitambi.

Agosti, saa nane mchana, mrina asali mmoja kule bondeni akakimbia nyuki akaacha kijinga kinawaka. Upepo ukafanya yake. Tulipiga yowe, tukateremka na matawi. Kwenye barabara yetu moto ulifika ukazimika, kweli, kama tulivyofundishwa. Ila pale pasipo na barabara uliingia ukiunguruma, na wala haukuchukua muda. Baba mkwe alikuja mbio na gunia lililoloweshwa, tukapiga pamoja bega kwa bega, mimi na suruali yangu mbele yake, nani ajali. Mkono wa lile koti la Ulaya ulimgandia mzee mwenzetu, akapiga kelele lakini hakuacha kupiga moto. Saa kumi na moja tulikuwa tumeuzima kwenye mistari ya mwanzo ya miti. Ngitili ilikuwa majivu.

Baba mkwe akatembea kutoka pale barabara ilipokomea hadi ilipoanzia tena. Alipahesabu kwa hatua. Halafu akaja kwangu.

"Mama, hapa mbona pamerukwa?"

Nikapiga magoti kwenye majivu, bado ya moto. "Baba, niliona vibaya kukufyekea."

"Uliniuliza?"

"Hapana, baba."

"Ningefoka. Ningefoka siku mbili, na mwanangu angenisikia. Halafu ningekupa njia, na nusu ya majani iliyo juu ya barabara ingekuwepo sasa hivi."

Nililia kwa hasira, na hasira yote ilikuwa juu yangu mimi, maana nilimheshimu yule mzee mpaka nikamfilisi. Keshokutwa yake alifungua zizi, akawaswaga ng'ombe wote saba kwenda Magu kuomba malisho kwa mdogo wake ambaye walikuwa hawasemezani.