Simba Niliyemtoa Mikumi kwa Mdomo

Jamani, kama ni kunicheka nichekeni mara moja mmalize, maana aibu hii nimeibeba tangu nywele zangu zikiwa nyeusi tii, na mpaka leo kuna watu Masanze wakipishana nami njiani wanabana midomo.

Enzi hizo nilikuwa katibu wa kijiji cha ujamaa cha Masanze, kijana niliyesomeshwa na misheni upande wa Berega, mwenye Kiingereza cha kuombea maji na kiburi cha kuombea uwaziri. Ndiyo kwanza tulikuwa tumehamia, mvua ikatugomea, mahindi yakakaukia magotini, watu wakaanza kuchimba mizizi porini. Ndipo yakaja mashirika mawili ya ng'ambo: moja la mzungu mrefu tuliyemwita Bwana Mahindi, lingine la Mama Maziwa, mzungu naye, aliyeleta maziwa ya unga kwa ajili ya watoto. Kila mmoja kwa wakati wake aliniuliza kama kuna shirika jingine linalotusaidia, nami (sikumshirikisha mtu, ni akili zangu hizi hizi) nikawaza kwamba wakijuana tu, kila mmoja atasema mwenzake anatosha, na sisi tutabaki na mizizi yetu. Nikamjibu kila mmoja, "Hakuna. Ni nyinyi tu na Mungu."

Basi Bwana Mahindi akaja kutukagua. Maziwa tukayaficha kwenye ghala la pamba, shemeji yangu Mama Tabu na wenzake wakaangusha ngoma, mgeni anapiga makofi yake pembeni ya mdundo, mambo yananyooka, mara naona vumbi barabara ya Mikumi. Landrova ya Mama Maziwa! Mwenyekiti wetu, Mzee Sefu, akaninong'oneza, "Ndugu katibu, kamzuie. Utajua mwenyewe la kumwambia."

Nikatoka mbio, nikamkuta darajani, nikasimama katikati ya barabara mikono juu, na badala ya kusema daraja limeoza, au kuna surua, au lolote la mtu mwenye akili, mdomo ukajisemea: "Mama, msiende! Simba katoka mbugani, yuko kijijini!"

Mama yule Kiswahili alikijua (cha kitabuni, lakini alikijua).

"Simba? Na watoto wako wapi?"

"Watoto... wapo."

"Wapo na simba?"

Akamwamuru dereva wake ageuze gari akalete askari wa wanyamapori kutoka Mikumi, yeye akashuka na wenzo wa jeki mkononi, "Twende tuwatoe watoto!", akatangulia. Mimi nyuma. Na mzee mmoja aliyekuwa akipita na baiskeli alisikia neno simba tu, hakungoja la pili, akakanyaga kuelekea kijijini huku akipiga yowe.

Tulipofika, ngoma zimelala chali, kanga zimetapakaa, Mama Tabu yuko juu ya paa la ofisi (na mwili wake ule, hadi leo hatujui alipandaje), na mwenyekiti aliyenituma kudanganya kajifungia chooni! Nikiwaambia hakuna simba, Mama Maziwa ananisikia. Nikinyamaza, watu wanakufa kwa hofu. Nikanyamaza.

Mama Tabu akapaza sauti kutoka paani, "Katibu, mzungu wako tumemfungia ghalani, yuko salama!"

"Ghala gani?" akauliza Mama Maziwa.

Tukafungua ghala. Bwana Mahindi alikuwa kakwea juu kabisa ya magunia ya maziwa, moja limempasukia, mweupe kuliko alivyozaliwa. Wakatazamana. Nikangoja ardhi inimeze, ardhi ikakataa. Wakaanza kucheka, wakacheka mpaka mama akaangusha wenzo wake.

"Katibu," akaniambia akijifuta machozi, "jana tumelala nyumba moja ya wageni Mikumi. Asubuhi tumekunywa chai meza moja. Kazi tumegawana tangu mwanzo, yeye mahindi, mimi maziwa. Leo tulikuwa tuje pamoja, nikapata pancha."

"Sasa mbona mliniuliza?"

Kicheko kikamwisha. "Tulitaka kujua kama mwenzetu wa tatu, mwenye maharage, amewafikia. Anayapeleka kwenye vijiji vyenye mahindi tayari. Hakufika hapa?"

Alifika. Alikuja na pikipiki, akaniuliza swali lile lile, nikampa jibu lile lile, akashukuru, akaenda zake, na maharage yetu yakaenda kijiji cha ng'ambo ya mto.

Hapo ndipo Mzee Sefu alipotoka chooni. Na alasiri wakaingia askari wa wanyamapori na bunduki zao, wakaniambia niwaonyeshe nyayo.

Wale wageni wawili walituombea, maharage yakaja, lakini yalichelewa sana, na muda wote huo kijiji kizima kilikula ugali kwa chumvi huku kila tonge likinitazama. Mama Tabu hakunitukana. Alikuwa akiniambia tu, "Shemeji, leo tunakula na nini?", na hilo lilinichoma kuliko tusi.

Tangu hapo, mtu akiniuliza nani anakusaidia, nawataja wote, kuanzia serikali mpaka jirani aliyenipa kisamvu juzi, na nikimaliza namwuliza na yeye kama kuna niliyemsahau.