Knedliki Mbichi za Kaptagat

Kilichonitoa nyumbani ni maneno yangu mwenyewe. Miaka miwili iliyopita nilialikwa kwa wiki mbili katika mji mdogo wa Ucheki, pamoja na waandishi wengine vijana, na niliporudi Eldoret niliandika makala ndefu ya kusifu chakula cha huko. Nilikuwa nimekula katika nyumba ya wageni. Jikoni sikuwahi kuingia. Lakini nani angejua? Niliandika kwamba knedliki, ule mkate wao unaochemshwa majini na kuliwa kwa mchuzi mzito, ni mawingu yaliyokatwa vipande. Nilijipenda sana kwa sentensi ile. Dada yangu Akinyi, aliyeolewa na Mcheki, aliikata makala akaibandika kwenye friji yake kule Kaptagat.

Alhamisi asubuhi, nikiwa bado naitafuta sentensi ya kwanza ya sura ya tisa, simu ililia.

"Odhis, si wewe ndiye unajua chakula cha kwa kina Tomas?"

"Najua kiasi," nikasema, na hapo ndipo nilipopotea.

"Mama mkwe hali. Wiki ya tatu sasa. Chai na mkate, mkate na chai. Amesema Jumatatu anarudi kwao."

Mama mkwe huyo ni Vlasta. Mumewe alifariki mwaka jana, na Tomas, mtoto wake wa pekee, anayefundisha wakimbiaji Kaptagat, alimleta aishi nao kwa sababu daktari alikataza asikae peke yake.

"Akirudi, Tomas lazima aende naye," Akinyi akasema. "Na Tomas akienda, mimi niache kazi yangu ya wodi nimfuate, ama nibaki hapa niwe mke wa simu. Tomas amesafiri na wakimbiaji, anarudi Jumapili. Nataka akirudi akute mama yake amekula. Wewe uliandika ni mawingu. Njoo unyeshe."

Ijumaa saa tatu asubuhi nilikuwa sokoni Eldoret, nikisoma kurasa ambazo Akinyi alikuwa amenipigia picha. Zilitoka katika kitabu kipya cha Kiingereza, zawadi ya binamu ya Tomas, kinachofundisha mapishi ya zamani ya nyumba za Kicheki kwa mtu mwenye jiko la kisasa. Jiko la kisasa, kwa mwandishi huyo, ni lile lenye mashine ya kukanda unga, kipimajoto cha kuchoma ndani ya nyama, na dirisha linalotazama bustani. Nilichagua svichkova, yaani nyama ya ng'ombe iliyopikwa polepole na karoti, kitunguu na mzizi wa seleri, kisha mboga zile zikasagwa na kutiwa krimu chachu. Huliwa kwa knedliki na kijiko cha jamu. Kwenye karatasi ilisomeka kama shairi.

"Seleri ndiyo hii," mama wa mboga akaniambia, akinipa fungu la majani.

"Nataka mzizi wake."

"Mzizi ulibaki shambani. Kwani unaenda kupanda?"

Nilizunguka maduka matatu makubwa nikiulizia krimu chachu. Katika la kwanza walinipa maziwa ya mtindi. Katika la pili walinipa krimu ya kupaka usoni. Katika la tatu mlinzi alianza kunifuata nyuma kila rafu, nikatoka.

Saa tano na nusu nilipanda pikapu ya Kamau, tuliyesoma naye darasa moja, ambaye sasa ana duka Cheptiret. Aliahidi kunifikisha Kaptagat "baada ya kushusha vitu viwili vitatu." Barabara kuu ya Nakuru ilikuwa imejaa malori, na mashamba ya mahindi pande zote yalikuwa ya kijani kibichi, yametulia kana kwamba hayana dada wala shemeji. Nilimweleza Kamau kuhusu svichkova. Nilipofika kwenye kile kijiko cha jamu alipunguza mwendo.

"Nyama na jamu? Sahani moja?"

"Sahani moja."

"Na huyo mama ndiye anakataa sukuma wiki?"

Saa sita na nusu, Cheptiret. Vitu viwili vitatu vilikuwa magunia arobaini ya sukari na unga, na kila mteja aliyeingia dukani alikuwa na habari ndefu kuhusu ng'ombe. Nilikaa juu ya kreti ya soda kwa saa mbili, nikiangalia nyama yangu ikitoa jasho ndani ya mfuko. Nilipolalamika kwamba hata krimu chachu sijapata, Kamau alinishangaa.

"Maziwa yaliyochacha? Si ungesema tu mursik!" Akaingia nyuma ya duka akatoka na kibuyu. Mursik ni maziwa ya Wakalenjin, yanayochachishwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa. Nimeyanywa tangu utotoni katika harusi za majirani. Nilikipokea kibuyu kile kama mtu aliyefumbuliwa fumbo. Naomba msomaji akumbuke neno mkaa, kwa kuwa mimi sikulikumbuka.

Saa kumi jioni, baada ya njia ya vumbi iliyonigonga kila mfupa, tuliingia Kaptagat. Baridi ilitupokea kwanza, halafu harufu ya misonobari, halafu kundi la wakimbiaji waliotupita wakipanda mlima huku sisi tukipanda kwa gia ya kwanza. Akinyi alinikumbatia, akauchungulia mfuko, akauliza mzizi wa seleri uko wapi. Nilimpa majani.

Vlasta alikuwa sebuleni, kwenye kiti kilichowekewa mito mitatu. Sweta limefungwa vifungo vyote, viatu vinang'aa, mikono imelala mapajani kama vitu alivyoachiwa avitunze. Alinisalimu kwa heshima, akanywa chai, kisha akainuka na kikombe chake akielekea jikoni. Akinyi aliruka.

"Hapana, Mama! Keti, keti!" Akampokonya kikombe, akamrudisha kwenye mito. "Tangu aje sijamruhusu kushika hata kijiko," akaniambia kwa fahari. "Mama mkwe hapiki mbele ya mke wa mwanawe. Si ndivyo tulivyolelewa?"

Nilimsifu. Ndivyo tulivyolelewa.

Jumamosi saa mbili asubuhi niliingia vitani. Kitabu kilisema unga uumuke kwa saa moja na nusu. Nilikwenda kukata vitunguu, na dakika arobaini baadaye unga ulikuwa umetoka bakuli unatambaa mezani. Nikaukandamiza, nikaufinyanga ukawa kama gogo fupi, nikautia kwenye maji yanayotokota, nikafunika. Dakika ishirini, kitabu kiliagiza, na kikaongeza kwa herufi nzito: usifunue kabisa.

Dakika ya tisa mlango wa nyuma ulifunguka. Mama Chebet, mpishi wa kambi ya wakimbiaji iliyo ng'ambo ya ua, alikuja kuomba chumvi. Alisalimu, akachukua chumvi, na kwa mkono mwingine, kama afanyavyo kila mama wa nchi hii anayepita karibu na jiko la mwenzake, akafunua sufuria.

"Mama, tafadhali!"

"Nilikuwa naangalia tu. Ni nini? Ni mguu wa mtu?"

Dakika ya ishirini niliitoa ile knedliki. Nje ilikuwa nzuri, nyeupe, imenona. Nikaikata, na katikati ikawa ni uji unaonata kwenye kisu kama gundi. Nikamlaumu Mama Chebet. Nikatengeneza ya pili, nikaegemeza kiti mlangoni asiingie mtu, nikaipa dakika ishirini na tano kwa ukarimu wangu mwenyewe. Uji tena. Nikalaumu hamira, nikalaumu Kamau na unga wake, nikamlaumu mwandishi wa kitabu na dirisha lake la bustani. Wakati huo huo nilikuwa nimemimina mursik kwenye mchuzi wa karoti, na mchuzi uliokuwa na rangi ya machweo ukageuka mbele ya macho yangu ukawa kijivu, rangi ya barabara iliyonyeshewa. Ule mkaa.

"Odhis," Akinyi akasema taratibu, akitazama sufuria. "Hiyo ndiyo umekuja nayo kutoka Eldoret?"

"Usianze."

"Kesho kutwa anaondoka, na wewe umempikia saruji!"

Nilichukua kisu nikaanza kuishambulia knedliki ya pili, angalau nipate kipande kimoja kilichoiva pembeni. Kisu kiliibonyeza ikawa bapa. Nikasikia mtu akivuta pumzi kwa uchungu. Vlasta alikuwa amesimama mlangoni.

"Mama, keti, keti," Akinyi akaanza.

Safari hii Vlasta hakuketi. Alikuja hadi mezani, akanitoa kisu mkononi kama anavyonyang'anywa mtoto, akakiweka mbali. Kisha akaifungua ile knedliki kwa vidole na kuona ule ubichi wa katikati. Alitazama ya kwanza, akatazama ya pili. Akakaa kwenye stuli, akasema maneno machache ya Kicheki, na Akinyi, aliyekuwa amefungua mdomo kunisuta zaidi, akaufunga.

"Anasema nini?"

"Anasema na zake zilitoka hivi hivi."

Ikatoka kidogo kidogo, Vlasta akisema, Akinyi akitafsiri. Wiki ya kwanza, Akinyi akiwa kazini na Tomas akiwa na wakimbiaji, alipika knedliki mara tatu. Mara tatu zilitoka mbichi. Alizifukia nyuma ya nyumba, kwenye lundo la majani, mtu asione. Alikuwa amepika chakula hicho kila Jumapili kwa miaka hamsini. "Anasema alijua mkono wake ulizikwa pamoja na mzee. Kila akiona sahani anakumbuka hilo, na chakula hakipiti."

Mama Chebet, ambaye kiti changu hakikumzuia hata kidogo, alikuwa tayari yuko ndani, akibonyeza ile knedliki kwa kidole.

"Mliichemsha kwa muda gani?"

"Ishirini, halafu ishirini na tano," nikasema. "Kitabu kinasema..."

"Kitabu kilipikiwa wapi?"

Nikakipindua nitazame jalada.

"Huku tuko juu," akasema, akimwelekea Vlasta kana kwamba wanaelewana lugha. "Maji yanachemka mapema, lakini hayajapata moto wa kutosha. Yanapiga kelele tu. Maharagwe ya wale vijana nabandika alfajiri ndiyo wale mchana. Binti yangu Mombasa anapika yale yale kwa nusu ya muda. Huku unga unaumuka haraka na kuiva pole. Mwambie mkono wake hauna shida. Ni mlima."

Akinyi alitafsiri. Vlasta aliuliza swali moja: basi ni dakika ngapi?

"Mwambie aongeze mpaka iive," Mama Chebet akasema. "Yeye ni mama, atajua."

Vlasta akachukua aproni msumarini. Akinyi akamzuia mkono. Nami nikamzuia Akinyi.

"Mwache."

"Watu watasema nini? Mama mkwe anapika na mimi nipo?"

"Watu gani?" Mama Chebet akauliza. "Huku watu ni mimi, na sijasema kitu."

Kufikia saa saba mchana jiko lilikuwa la Vlasta. Alinusa mchuzi wangu wa kijivu, akamkabidhi mbwa. Mbwa akanusa, akaenda zake. Akaanza upya kwa karoti zilizobaki, majani ya seleri akayafunga fungu kwa uzi, na mahali pa krimu akaweka ile iliyotanda juu ya maziwa ya Mama Chebet, akaikamulia ndimu. Unga aliutazama kwa jicho tu, akautia majini ulipoanza kupanda, mapema kuliko kitabu kinavyoruhusu. Dakika ya thelathini Mama Chebet alinyoosha mkono kwenye kifuniko, Vlasta akaupiga kofi bila kugeuka. Dakika ya arobaini na mbili aliitoa, akapitisha uzi wa kushonea chini yake, akazipishanisha ncha zake juu na kuzivuta. Kipande kikaanguka, kimeiva hadi katikati.

Alikula vipande vitatu amesimama, palepale jikoni. Sisi tulikula baada yake. Nyama na jamu, sahani moja. Kamau amekosa.

Jumapili saa sita niliteremka Eldoret na lori la mbao. Nilikuwa na hasira bado, na sehemu kubwa nilijikasirikia mwenyewe. Nilikuwa nimesifu chakula bila kumwona aliyekipika, na nikaja kukipika bila kumuuliza mwenyewe aliyekuwa amekaa hatua sita kutoka jikoni. Kitabu hakikudanganya, kilikuwa mbali tu, kwenye nchi ya chini. Lakini ile mito mitatu ilikuwa karibu, na sote tuliiona kuwa ni heshima. Mtu aliyepika miaka hamsini, ukimwambia keti, keti, kila akiinuka, unamwambia amekwisha. Naye alishaanza kuamini.

Jumatatu saa nne asubuhi nilishindwa kuvumilia, nikapiga simu.

"Ameenda?"

"Aende wapi!" Akinyi alikuwa akinong'ona kwa ghadhabu. "Amehamisha sufuria zangu zote. Ameniambia vitunguu vyangu vimekatwa kama kuni. Chumvi sijui iko wapi, Odhis, ndani ya nyumba yangu! Tomas anacheka tu. Na yule Mama Chebet amekaa hapo anakunywa kahawa."

"Basi msaidie kufunga mizigo."

Kwa mbali nilisikia kifuniko cha sufuria, na sauti ya Vlasta ikiita jina la dada yangu, kwa ukali, kama anavyoitwa mtu wa nyumbani.

"Wewe nyamaza," Akinyi akasema. "Naitwa nikaonje."