Tando Thelathini na Moja

Haya nayasimulia nikiwa nimeangalia chini, maana mtaani kwetu Nkuhungu bado wapo wanaoniita Bwana Buibui, na yote yalianza kwa picha moja tu.

Dada yangu Neema alikuwa anaagwa, anaolewa Mwanza, na alitaka kitu kimoja: picha ya ukoo mzima aende nayo. Nikakabidhiwa kamera ya kuazima yenye mkanda wa picha thelathini na sita (walinichagua kwa sababu sichezi muziki). Asubuhi ile shangazi Debora, aliyetoka Buigiri kusimamia shughuli, akatangaza kwamba tando zote za buibui zifagiliwe kabla wageni hawajafika. Sasa, dirishani jikoni kulikuwa na utando ambao marehemu mama hakuruhusu uguswe, alikuwa akiinua pazia taratibu na kusema, "Mwacheni fundi afanye kazi yake." Nikaona nipige huo mmoja nibaki nao. Lakini mvua ilikuwa imenyesha, jua likatoka, matone yamekaa kwenye nyuzi kama shanga, kwenye minyaa ya uani, kwenye zizi, chini ya paa, na kila nilipogeuza kamera nilimkumbuka mama, na kila nilipopiga, ufagio wa shangazi ulikuwa nyuma yangu. Nilipoangalia namba, zilibaki tano.

Hizo tano ziliishia kwenye keki.

"Sasa ukoo mzima!" shangazi akaita. "Yona, tupange!"

Nilitakiwa kusema mkanda umeisha. Kwa aibu nikawa nabonyeza kitufe cha flashi tu, watu wanatabasamu, wanabadilishana mistari, shangazi anarekebisha kilemba, namulika tu mpaka betri zikaisha.

Jumatano picha zikarudi kutoka studio, sebule ikajaa. Shangazi akafungua bahasha.

"Hii nini?"

"Utando wa buibui, shangazi."

"Na hii?"

"Huo wa zizini."

"Yona! Kilemba changu kiko wapi?"

"Labda kimenaswa humo," akasema jirani mmoja, na watu wakacheka mpaka chai ikamwagika. Shangazi hakucheka. "Dada yako anaondoka kesho. Wakwe wataonyeshwa nini, kwamba kwao hawafagii?"

Nilitamani nizame sakafuni. Dada alikuwa anazipekua, akasimama kwenye ile ya dirisha la jikoni. Nyuma ya utando alikuwamo yeye mwenyewe, ameinua pazia kunichungulia nilipokuwa nje, wala sikumwona siku ile.

"Nimeinua kama mama," akasema, akaitia kwenye mkoba wake.

Nilibaki na thelathini zisizo na sura ya mtu. Tangu siku hiyo sijaazima kamera ya mtu, na kitu kikiisha nasema kimeisha, hata sauti ikitetemeka. Jikoni fundi mwingine amejenga palepale. Asubuhi pazia naliinua mimi, taratibu.